Mzigo wa Wajina Wangu

Mwezi uliopita shingo ilinikaza. Mimi ni fundi cherehani, na shingo ya fundi cherehani haina likizo, kwa hiyo niliivumilia mpaka siku niliyoshindwa kugeuka kumtazama mteja aliyenisalimia kutoka mlangoni. Hospitali wakanipiga picha. Daktari, kijana mpole mwenye haraka, akaibandika picha ya mifupa yangu kwenye mwanga, akaweka ncha ya kalamu kwenye kifupa cha juu kabisa, pale fuvu linapokaa, akasema hiki ndicho kinachobeba kichwa, kinaitwa atlasi. Nikacheka. Nilicheka vibaya, machozi yananitoka na shingo inanikanya. Akauliza kama kuna mahali amenigusa pakauma. Nikamwambia asome jina lililoandikwa kwenye bahasha aliyoishika. Akasoma, akanitazama, akaitazama mifupa, na yeye akashindwa kujizuia.

Nilirudi Buhongwa na dawa ya kuchua na furaha ya ajabu ambayo dereva wa bajaji hakuielewa. Maana za jina langu nilizisaka nikiwa darasa la tatu, kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka kwenye jambo lingine lolote, hata ndoa. Nilidhani nilizimaliza. Kumbe moja ilikuwa imekaa chini ya kichwa changu muda wote, kimya. Basi nataka niwasimulie mwaka ule, hasa ninyi wa rika langu mliosoma watano kwenye dawati moja na kitabu kimoja katikati, maana hamtanihitaji nieleze kila kitu.

Tulikaa Pasiansi, Mwanza, kwa juu, ambako mawe ni mengi kuliko nyumba na kila nyumba imejibanza ilipopata nafasi. Nyuma ya jiko letu palikuwa na jiwe limekaa juu ya jiwe. La juu lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, nalo lilishikilia kwa sehemu ndogo tu, kiasi kwamba ukichungulia kwa chini uliona mwanga unapita katikati na kipande cha ziwa kinang'aa upande wa pili. Pimbi walikuwa wanaota jua pale juu, na mchana jiwe likishika moto lilitoa harufu yao, kali, iliyochanganyika na ya moshi wa jikoni. Wageni walilitazama kwanza jiwe ndipo wakubali kiti. Sisi tulilianikia nguo.

Dada zangu wakubwa ni pacha, Kulwa na Doto. Mimi ndiye niliyewafuata. Kwa sisi Wasukuma hilo halina mjadala: pacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Jina linakuwa limekaa mlangoni linakusubiri utoke. Lakini baba yangu, kwa sababu alizozijua mwenyewe, akaniita Atlasi. Bibi, mama yake baba, habari ilimfikia Magu akiwa anapepeta mpunga. Inasemekana aliuweka ungo chini na hakuushika tena siku ile.

Alikuwa na sababu. Bibi mwenyewe aliitwa Shija. Na yeye alifuata pacha. Katika watoto wake wote, aliyejaliwa pacha ni baba peke yake, kwa hiyo mjukuu aliyestahili kuwa wajina wake duniani nilikuwa mimi tu. Na wajina si jambo dogo. Wajina wako akikuona lazima akupe kitu, hata ndizi moja. Akifiwa, umefiwa. Akisifiwa, wewe unatembea umeinua kidevu. Bibi alikuwa amesubiri wajina tangu nywele zake nyeusi, halafu mwanawe mwenyewe akamletea neno ambalo hakuna mtu Magu nzima aliyewahi kulisikia. Hakuwahi kulitamka. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyotania, na akiwa amekasirika aliniita binti wa baba yake. Atlasi, hata siku moja.

Mwaka ule alikuja muhula ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Tulimwona anapandisha mlima na kikapu kichwani, na sisi watatu tukatimka kwenda kumpokea, tunasukumana nani afike wa kwanza. Hilo nadhani mnalikumbuka. Kwetu ukimwona mtu mzima na mzigo, hata kama humjui, hata kama ulikuwa unakula, unakimbia, unatoa shikamoo na unapokea mzigo. Mtoto aliyemwangalia mtu mzima akipita na mzigo wake alikuwa amemtukana mama yake mzazi hadharani, na habari zingefika nyumbani kabla yake. Siku ile kikapu nilikipata mimi. Kilikuwa kimejaa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na shingo yangu ilizama mabegani, lakini nilitembea kama bibi harusi.

Jioni, michembe ikichemka, bibi akamweleza mama kilichomleta. Alisema shule zikifungwa na baba akirudi kutoka machimboni Geita, ndugu wataitwa, mbuzi atachinjwa, na mbele ya watu wote mtoto ataitwa Shija. Lile lingine litaachwa. Mama alikuwa mkwe mwenye adabu. Alisema, ndiyo mama, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Bibi akaendelea, bila ukali, kwamba jina ni kitu chenye maana, na hakuna asiyejua Shija ni nani na ametokea wapi. Akamuuliza mama hilo lao lina maana gani. Mama hakujua. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu yao, na nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nitaitafuta.

Bibi akanigeukia. Kisha akasema, "Haya. Niletee maana yake kabla baba yako hajafika. Nikiiridhia, nitakuacha nalo."

Msidhani nilikuwa nampinga bibi. Nilimpenda mno, na nilipenda ndizi zake. Lakini darasani kwetu tulikuwa na kina Shija wengi, Shija wa mbele, Shija wa dirishani, Shija mnene. Atlasi nilikuwa mimi tu. Mwalimu alipofika kwenye jina langu alipunguza mwendo. Na kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mtu: nilidhani nikishaitwa Shija, yule Atlasi atakuwa amekufa, na sikuelewa ni nani basi atakayekuwa amekunywa uji wake asubuhi ile. Nilikuwa naogopa kwa kweli, na wakati huohuo nilikuwa na msisimko unaonizuia hata kukaa. Nilikuwa nimepewa kazi na mtu mzima.

Nilianza na mama tulipobaki wawili. Akacheka kidogo, akasema baba yako aliliona kwenye boti. Nilipozaliwa alikuwa anapakua dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na boti aliyokuwa anaipakua siku ile iliandikwa hivyo ubavuni. Alirudi nyumbani ananuka samaki na ameshaamua.

Jumamosi nikawabembeleza dada zangu wanipeleke. Wenzangu mnaoijua Mwaloni mnajua unavyoisikia kwa pua kabla hujaiona kwa macho: dagaa zilizoanikwa, mafuta ya injini, moshi wa sangara wanaokaushwa, na ndege korongo wanatembea katikati ya watu kama wenye mali. Kulwa alisema boti yenyewe itakuwa imeshaoza. Doto alisema labda hata haikuwepo, baba aliota. Walikuwa wananitania tangu nyumbani, na nilikuwa karibu kulia tulipokipita chombo kimoja kikubwa cha mbao kilichotia nanga, kimechoka, rangi ya bluu imebanduka, na nikaiona. Herufi nyeupe, kubwa kuliko mimi. ATLAS. Ile i ya mwisho haikuwepo lakini nilimsamehe mwandishi. Niliruka, nikapiga kelele, mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa akauliza kama nimeng'atwa.

Mwenye boti alikuwa mzee wa Kijita, mfupi, amekaa kwenye ukingo anakunywa chai ya rangi. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni wajina wa boti yake, naomba anieleze maana. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema hajui. Aliinunua ikiwa na jina, na hawezi kulifuta kwa sababu visiwani kote wanaijua hivyo, akilifuta watadhani ameiba boti ya mtu. Halafu akatikisa kichwa, akasema lakini wajina ni wajina, akainuka na kunijazia dagaa kwenye mfuko mpaka mfuko ukakaribia kupasuka. Nilikimbia nao hadi Pasiansi, dada zangu wananifuata kwa nyuma wanalalamika. Nilikuwa nimetambuliwa.

Bibi alizikaanga dagaa zile kwa nyanya na pilipili. Alikula kwa utulivu akasifu. Kisha akasema chombo nacho kilipewa tu jina kama nilivyopewa mimi, kwa hiyo sote wawili bado tunadaiwa maana. Nililamba vidole, nikaendelea kuwaza.

Wiki chache baadaye akaja shuleni kwetu mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, Mwalimu Advera, kutoka Bukoba. Alikuwa anatembea haraka na kuongea haraka zaidi, na alitufundisha jiografia kama mtu anayesimulia ugomvi. Siku moja aliingia na boksi, akalifungua, harufu ya gundi na karatasi mpya ikafika hadi nyuma nilipokaa. Akagawa, kitabu kimoja kila dawati. Kisha akasema, "Fungueni atlasi." Nikasimama na kuitika abee.

Darasa lilianguka. Hata Shija mnene, rafiki yangu, alilala juu ya dawati kwa kicheko. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimelitazama jalada, na jalada lilikuwa na jina langu, limeandikwa kwa dhahabu, safari hii pamoja na ile i. Mwalimu Advera akauliza jina langu nani. Nilipomwambia, akaweka chaki chini akanipa mkono, kama mtu anavyompa mkono mtu mzima, akasema amefurahi kumfahamu mwenye kitabu. Darasa likanyamaza, na mimi nikajiona nimekua ghafla.

Dunia yote ilikuwa mle ndani. Nilikuta ziwa letu, bluu, na kidoti cha Mwanza kimeng'ang'ania ukingoni. Nilikuta pia, juu kabisa Afrika, milima ya rangi ya kahawia iliyoandikwa jina langu tena, herufi zimetawanyika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Boti, kitabu, milima. Kila nilipogusa palikuwa na wajina. Nilihisi kama mtu aliyedhani ni yatima kisha akaambiwa ana ukoo mzima Ukerewe.

Mwalimu aliniazima kitabu kwa jioni moja, kimefungwa kwenye gazeti. Nilimfungulia bibi kwenye mkeka. Hakujua kusoma, lakini nilimwonyesha ziwa, na akaweka kiganja chake juu yake, likafunikwa lote. Akasema mbona limekuwa dogo hivi. Akafurahi hata hivyo, akaomba nimwonyeshe Magu. Nilitafuta. Nikatafuta tena, pua imegusa karatasi. Magu haikuwepo. Bibi alikifunga kitabu taratibu akanirudishia, na nikajua tumeshindwa, maana angewezaje kumwachia mjukuu wake jina la kitabu kisichoijua Magu.

Shule zilikuwa karibu kufungwa nilipomfuata Mwalimu Advera wakati wa usafi, wenzangu wanafagia, vumbi limejaa. Nikamweleza yote, mpaka habari za mbuzi. Nikamuuliza ni nini kilitangulia, boti, kitabu au mlima. Akasema hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Alitangulia mtu.

Akanisimulia. Zamani sana, Wagiriki walisema kulikuwa na jitu lenye nguvu, ndilo hilo Atlasi. Liliingia vitani na miungu likashindwa, na adhabu yake ikawa kusimama mwisho wa dunia na kubeba mbingu mabegani, isianguke. Wachora ramani wa kale waliupenda mfano huo, wakaliweka jina lake kwenye vitabu vyao. Na milima ile, wengine walisema, ndiye yeye mwenyewe. Alisimama mpaka akageuka jiwe.

Nikamuuliza alibeba kwa muda gani. Akasema hakushushiwa. Nikauliza, "Na hakuna mtoto hata mmoja aliyempokea?"

Mwalimu Advera akanitazama kwa namna ya kutaka kucheka, kisha akaacha. Akasema alikuwepo shujaa mmoja aliyempokea, lakini kwa kitambo kidogo tu. Alimwambia, hebu nishikie kidogo nijitengenezee kata begani, na Atlasi alipoipokea tena mbingu, yule akaondoka zake. Sitaki kuwaficha, nilikasirika sana. Kumpokea mtu mzima mzigo halafu kumrudishia kwa hila. Huko Ugiriki hawakuwa na mama zao?

Nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa na maana niliyoitafuta, na ilikuwa mbaya. Bibi angesemaje nikimwambia mwanawe alimwita mtoto wake jina la mfungwa? Baba alikuwa anafika Jumamosi, mbuzi alikuwa ameshafungwa nyuma ya choo, na ndugu wa Magu walikuwa njiani. Lakini kadiri nilivyopanda mlima, jambo lingine lilizidi kunikaa kichwani kuliko jina. Kama yule ni wajina wangu, mzigo wake ni wa nani? Mtu mzima amesimama na mzigo tangu kabla ya Yesu, na mimi, mwenye jina lake, nacheza rede. Nilipofika nyuma ya jiko nikainua macho. Jiwe juu ya jiwe. La chini limesimama, limeinama kidogo, la juu limemkalia shingoni. Mwalimu alisema aligeuka jiwe. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Jumamosi nyumba ilijaa. Ndugu walikuja na vikapu, tukawapokea, sufuria za ubwabwa zikapangwa mfululizo, togwa ikamiminwa, na mama akanivalisha gauni jipya la njano lenye kola inayowasha. Bibi alikuwa amejifunga kitenge chake cha sherehe. Alinipita mara kadhaa akaniangalia, hakuuliza kitu. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme. Mimi nilichukua khanga ya mama kwenye kamba, nikaizungusha vizuri kuwa kata, nikazunguka nyuma ya jiko bila kuaga.

Kati ya mawe yale mawili kulikuwa na pengo, na mtoto wa kimo changu aliweza kuingia. Nikaiweka kata kichwani. Nikamwamkia wajina, shikamoo, kwa sauti ya heshima. Nikasogea mpaka kata ikagusa jiwe la juu, nikasimama kwa ncha za vidole, nikasukuma. Na nawaambia ukweli, lilikuja. Nililisikia linanikalia. Shingo ilikuwa inatetemeka, jasho linaingia machoni, mjusi mwenye kichwa chekundu ananitazama kutoka kwenye jiwe la chini, na mimi nimembebea mtu mbingu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilimwambia apumzike, mimi sitamrudishia kwa hila.

Kutoka chini nilisikia vicheko, kisha sauti nene ya baba inafika, watu wanamkaribisha. Nikasikia mama ananiita. Kisha Kulwa, kisha Doto, wakipita karibu kabisa. Sikuitika. Anayebeba mbingu hapigi kelele. Harufu ya nyama ilikuwa inapanda hadi pale, na mate yalinijaa mdomoni, na nikakumbuka kwamba nikishuka wataniita Shija. Hapo ndipo nilipoanza kulia, bila kuondoa kichwa.

Aliyeniona ni bibi. Sijui alipandaje na magoti yale. Alichungulia, akaona gauni la njano, akainama akaingia hadi nilipokuwa, akipumua kwa nguvu. Akauliza nafanya nini huku watu wote wananitafuta.

"Nampokea wajina," nikasema.

Nikamweleza yote bila kumtazama, kwa sababu sikuweza kugeuza shingo. Kwamba maana nimeipata na si nzuri. Kwamba ni mtu aliyefungwa, akabebeshwa mbingu, na miaka yote hiyo hakuna aliyekimbia kumpokea, na mmoja aliyempokea alimdanganya. Kwamba kama ni lazima niitwe Shija nitakubali, ila aniruhusu kwanza nimpumzishe kidogo.

Bibi akaanza kuongea, taratibu, na mwanzoni sikujua kama anaongea na mimi. Alisema pacha wanapozaliwa nyumba yote inakuwa yao. Nguo ni zao, ngoma ni zao, mgeni akija anauliza wao. Aliyewafuata ndiye anayekwenda kisimani. Alisema alichota maji ya pacha wa kwao tangu akiwa kimo changu mpaka alipoolewa, na njia ya kisimani ilipita mbele ya nyumba nyingi, zenye watoto.

"Hakuna aliyenipokea," akasema. "Nilidhani nikikupa jina langu, nitakuwa nimempata wa kunipokea."

Nilikuwa mtoto, nikauliza kitu cha kitoto, kama ndoo ilikuwa nzito. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akakifungua kitenge chake cha sherehe, akakikunja, akakiweka kichwani. Akanisogeza kwa nyonga. Yeye hakuhitaji kusimama kwa ncha za vidole, ilimbidi akunje magoti. Akainuka mpaka kichwa chake kikagusa jiwe, pembeni ya changu, akafumba macho akasukuma kidogo, kama anayepima.

"Huyu wako amebeba mbingu," akasema. "Mimi nilibeba ndoo. Kama ni kubeba tu, bora ubebe mbingu."

Tulikaa vile, sijui kwa muda gani. Nilisikia anavyopumua. Nilimpenda wakati ule kwa namna iliyoniuma kifuani, na nilijua, ingawa hakuna aliyeniambia, kwamba alikuwa ananiachia kitu alichokitaka kuliko vyote. Kisha akasema wajina amepumzika vya kutosha, jiwe ni lake, nasi tuna wageni. Akanishika mkono tukatoka, sote wawili tumepakaa vumbi la pimbi kuanzia kichwani.

Watu walikuwa wamekaa duara. Baba akainuka kuja kunisalimia, bibi akamwashiria akae. Mzee mmoja wa ukoo akasema haya, mtoto amepatikana, tumpe jina lake tule. Bibi akasimama katikati, kitenge bado kimekaa kichwani, hajui au hajali.

"Tulikuja kumpa jina," akasema. "Tumekuta analo. Kuleni."

Kukawa na minong'ono. Mzee wa ukoo akauliza ni jina gani hilo na lina maana gani, na bibi akamwambia maana anaijua yeye, na nyama inapoa. Mama akageukia sufuria haraka ili asionekane uso. Baba alinitazama, akamtazama mama yake, akakuna kichwa. Mpaka leo sidhani kama alielewa kwamba boti yake iliwahi kuleta matata.

Watu walikula, wakacheza, wakaanza kuondoka mmoja mmoja jua likielekea ziwani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anasugua masufuria, akataka mtu wa kumletea maji. Nilikuwa nyuma yake, kwenye ukuta wa jiko, nimekumbatia bakuli la ubwabwa wa pili. Akaita. Ulimi wake ulilikata jina vipande, ukaongeza kijisauti pasipotakiwa, ukalivuta mwishoni kama anavyoita ng'ombe wake anayempenda.

"Atulasiii."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanyamaza ili aniite tena.